William Painter: Fundi aliyeivika chupa taji

Na Mwandishi Wetu

KILA jioni, katika baa, hoteli na majumbani, chupa hufunguliwa, gesi hutoka kwa mlio mfupi, na kipande kidogo cha bati chenye meno huanguka mezani au sakafuni. Mnywaji hukiacha hapo hapo na kuendelea na kinywaji chake. Ni wachache wanaojiuliza kitu hicho kilitoka wapi na nani aliyekibuni.

Kitu hicho ni kizibo cha chupa, ambacho Watanzania wengi hukiita kisoda. Kwa zaidi ya miaka 130 kimekuwa kikilinda bia, soda na maji yenye gesi, na umbo lake halijabadilika sana tangu siku kilipoandikishwa. Mbunifu wake ni William Painter, fundi mitambo wa jimbo la Maryland nchini Marekani, aliyefariki dunia mwaka 1906.

Painter hakuwa mpishi wa bia wala mchanganyaji wa soda. Kazi yake ilianza pale kazi ya mpishi ilipokwisha, yaani kuhakikisha kwamba kinywaji kilichotoka kiwandani kikiwa kizima kinamfikia mnywaji kikiwa bado kizima, hata kama kati yao kuna safari ya wiki kadhaa. Jibu alilolipata liliubadili ulimwengu wa vinywaji na kumtajirisha. Lakini pia lilisaidia kueneza mazoea ambayo dunia inayalipia hadi leo, ya kutengeneza kitu ili kitumike mara moja na kutupwa.

Kijiji kilichozama

Painter alizaliwa Novemba 20, 1838 katika kijiji cha Triadelphia, Maryland. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1809 na mashemeji watatu waliojenga viwanda vyao kando ya mto Patuxent, na jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ndugu watatu. Leo mtu hawezi kwenda kukitembelea. Eneo kilipokuwa limefunikwa na maji ya bwawa lililotokana na ukuta wa Brighton, uliokamilika mwaka 1943.

Baba yake, Edward Painter, alikuwa daktari, na familia yao ilikuwa ya Waquaker, waumini wa dhehebu la Marafiki ambalo hivi sasa lina wafuasi wengi magharibi mwa Kenya. Waquaker wa wakati huo walisifika kwa maisha ya kiasi, ukweli katika biashara na kuthamini kazi ya mikono. Haikuwa jambo la kutarajiwa kwamba nyumba ya namna hiyo ingemtoa mtu ambaye jina lake lingehusishwa na chupa ya bia kuliko jina la mwingine yeyote.

Mapema katika ujana wake alipelekwa kujifunza kazi katika kiwanda cha ngozi mjini Wilmington, jimbo jirani la Delaware. Huko ndiko ilikoonekana tabia ambayo haikumwacha hadi uzeeni. Alikuwa hawezi kuiona mashine bila kutafuta kasoro yake, wala kuiona kasoro bila kutaka kuirekebisha.

Hatimaye alihamia Baltimore, mji mkubwa wa Maryland, na kuajiriwa katika karakana ya mitambo ya Murrill & Keizer, ambako alipewa usimamizi wa mafundi. Alifunga ndoa na Harriet Magee Deacon. Mtoto wao, Orrin Chalfant Painter, ndiye aliyekuja kuandika kitabu kuhusu baba na babu yake, kilichochapishwa mwaka 1914.

Fundi asiyetulia

Katika maisha yake Painter alipata hataza 85, yaani hati za serikali zinazomlinda mbunifu ili kazi yake isiibwe. Orodha ya vitu alivyovibuni inaonyesha mtu ambaye akili yake haikukaa mahali pamoja. Mlikuwamo mashine ya kukunja karatasi, kifaa cha kutambua fedha bandia, na kiti cha treni kilichokusudiwa kumwokoa abiria wakati wa ajali.

Ubunifu ni jambo moja na kuishi kwa ubunifu ni jambo jingine. Nyingi kati ya kazi zake za mwanzo hazikumpa utajiri, na kwa miaka mingi aliendelea kutegemea ajira ya karakana.

Baltimore, hata hivyo, ilikuwa mahali pazuri kwa fundi wa aina yake. Ulikuwa mji wa bandari, wenye viwanda vya kusindika vyakula na viwanda vingi vya bia vilivyoanzishwa na wahamiaji kutoka Ujerumani. Wenye viwanda hivyo walikuwa na tatizo moja lililowasumbua kila siku, na walikuwa tayari kumlipa yeyote ambaye angewaondolea.

Adui aliyekuwa ndani ya chupa

Tatizo lenyewe lilikuwa gesi. Bia na soda hupata uchangamfu wake kutokana na gesi ya kabonidioksaidi iliyoyeyuka ndani yake. Gesi hiyo haitaki kukaa. Katika joto la kawaida husukuma kuta za chupa na kizibo chake kwa nguvu inayozidi mara kadhaa ile ya hewa ya nje. Ikipata upenyo, hata mdogo kama unywele, hutoka kidogo kidogo hadi kinywaji kikapooza. Upenyo huo huo huingiza hewa na vijidudu, na bia hugeuka kuwa chachu.

Vizibo vya gome la mwaloni, kama vile vya chupa za mvinyo, vilikuwa vikitumika kwa muda mrefu. Lakini kwa kinywaji chenye gesi vililazimika kufungwa kwa kamba au waya, vinginevyo viliruka vyenyewe. Gome likikauka lilisinyaa, na gesi ikapata njia.

Mafundi wa nchi mbalimbali walijaribu njia nyingine. Mwaka 1872, Mwingereza Hiram Codd alibuni chupa yenye gololi ya kioo shingoni, ambayo gesi yenyewe huisukuma juu na kuziba mdomo. Chupa za aina hiyo bado zinatumika India na Japani kwa baadhi ya soda. Mwaka 1875, Charles de Quillfeldt wa Marekani aliandikisha kizibo kinachobanwa kwa mkono wa waya, ambacho hadi leo huonekana kwenye baadhi ya chupa za bia za Ulaya. Mwaka 1879, Charles Hutchinson wa Chicago alileta kizibo cha mpira na waya kilichokaa ndani ya shingo ya chupa.

Vyote hivyo vilifanya kazi kwa kiasi fulani. Kasoro yao kubwa ilikuwa moja. Vilitengenezwa ili vitumike tena na tena, na kwa hiyo vilikuwa ghali, vilichakaa, na zaidi ya yote vilikuwa vigumu kusafisha. Uchafu ulijificha katika mpira, nyuma ya gololi na kwenye mikunjo ya waya. Chupa iliyorudi kiwandani ilirudi na maradhi yake.

Ushindi wa kwanza

Painter aliingia katika vita hivyo kwa kufuata njia ya wenzake. Mwaka 1885 aliandikisha kizibo cha mpira kilichoshikiliwa kwa waya, ambacho hakikutofautiana sana na vilivyokuwapo sokoni. Kabla mwaka huo haujaisha, alikuwa amekwishakiacha na kuja na kingine tofauti kabisa.

Kizibo hicho cha pili kilikuwa kisahani kidogo cha mpira kilichosukumwa ndani ya mdomo wa chupa hadi kikanasa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya shingo. Kiliwekwa kikiwa kimepinda kwa namna ambayo gesi ilivyozidi kukisukuma ndivyo kilivyozidi kukaza. Juu yake palikuwa na kitanzi, na mnywaji alikivuta kwa ndoano. Kikishatolewa hakikufaa tena, kikatupwa.

Hapo ndipo palipokuwa na wazo jipya. Badala ya kutafuta kizibo imara kitakachodumu miaka, Painter alitafuta kizibo rahisi kiasi kwamba hakuna atakayejali kukitupa. Mwenye kiwanda hakuwa na haja tena ya kukusanya vizibo, kuviosha na kuvikarabati. Kila chupa ilipata kizibo kipya na safi.

Wenye viwanda walikipokea vizuri, kampuni ikaundwa kukitengeneza, na Painter akiwa na umri wa miaka 46 akaanza kuonja mafanikio. Mtu mwingine angetulia hapo na kuvuna.

Yeye hakutulia, kwa kuwa aliziona kasoro za kazi yake kabla wateja hawajazilalamikia. Mpira uligusana na kinywaji na ungeweza kukiharibu ladha. Mfereji wa ndani ya shingo ulikuwa mgumu kuutengeneza kwa usahihi. Na ingawa kizibo kilikuwa cha bei nafuu, aliamini kingeweza kushuka zaidi. Aliamua kutafuta kitu kitakachokiua kizibo chake mwenyewe sokoni, na alitumia miaka kadhaa kukitafuta.

Meno 24

Jibu lilipatikana alipoacha kufikiria sehemu ya ndani ya shingo na kuanza kufikiria sehemu ya nje. Alichukua kisahani cha bati, akakikunja ukingo wake ukawa na mikunjo 24 inayofanana na meno. Ndani yake aliweka kipande chembamba cha gome la mwaloni, na juu ya gome akaweka utando mwepesi ili kinywaji kisiguse gome wala bati. Kisahani hicho kiliwekwa juu ya mdomo wa chupa, kisha mashine ikakibana kwa nguvu kutoka juu na pembeni kwa wakati mmoja. Meno yaliinama na kunasa chini ya ukingo mnene uliozunguka mdomo wa chupa.

Kila sehemu ya kitu hicho kidogo ilikuwa na kazi yake. Gome lilikuwa laini, likajaza kila bonde na kilima cha kioo. Bati lilikuwa gumu, likazuia gome lisisukumwe na gesi. Nayo mikunjo iliruhusu bati lijirekebishe, jambo lililokuwa muhimu sana kwa sababu midomo ya chupa za wakati ule ilimaliziwa kwa mkono na hakuna miwili iliyolingana kabisa.

Februari 2, 1892, Painter alipewa hataza za kizibo hicho, akiwa na umri wa miaka 53. Kwa kuwa kiliikaa chupa kichwani mfano wa taji la mfalme, alikiita kizibo cha taji. Mwaka huo huo kampuni ya Crown Cork & Seal ilianzishwa mjini Baltimore kwa ajili ya kukitengeneza na kukiuza.

Miaka miwili baadaye, Februari 1894, alipata hataza ya kifaa cha kufungulia chupa, ambacho wengi Afrika Mashariki hukiita opena. Kilikuwa cha lazima, kwa sababu kizibo kilichobanwa sawasawa hakiwezi kung'olewa kwa vidole.

Wateja wagoma

Hata hivyo, kubuni kitu kizuri hakukutosha. Wenye viwanda vya bia na soda walikiangalia kizibo kipya kwa mashaka, na sababu zao zilikuwa na uzito.

Kizibo cha taji kilihitaji chupa yenye mdomo wa umbo maalumu. Kiwanda kilichokuwa na maelfu ya chupa za zamani kingelazimika kuziacha na kununua nyingine. Kilihitaji pia mashine ya kubania ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Mfanyabiashara alikuwa akiombwa abadili chupa, mashine na mazoea ya wafanyakazi wake kwa wakati mmoja, kwa ajili ya kipande cha bati kinachotupwa.

Painter alilijibu jambo hilo kwa vitendo. Inasimuliwa katika historia ya kizibo hicho kwamba alikishawishi kiwanda kimoja cha bia cha Baltimore kusafirisha kwa meli shehena ya chupa zilizozibwa kwa kizibo chake hadi Amerika Kusini na kuzirudisha. Bia hiyo ilipita katika joto la tropiki na misukosuko ya bahari, na iliporejea Baltimore ilikutwa ikiwa na gesi yake na ladha yake.

Jibu la pili lilikuwa mashine. Painter alitambua kwamba akiuza vizibo peke yake atakuwa ameuza nusu ya kitu. Kufikia mwaka 1898 kampuni yake ilikuwa na mashine iliyoendeshwa kwa mguu, ambayo mtu mmoja aliweza kuitumia kujaza na kuziba chupa zipatazo 24 kwa dakika. Haikuhitaji injini wala jengo kubwa. Mwenye kiwanda kidogo katika mji mdogo aliweza kuinunua na kuanza kazi.

Huo ndio ulikuwa msingi wa mafanikio yake. Chupa, kizibo, mashine na kifungulio vilifanywa kuwa kitu kimoja. Mteja aliyenunua mashine alirudi kila mara kununua vizibo, na kila kizibo kilichotupwa kilidai kingine mahali pake.

Bahati nayo ilimsaidia. Mwaka 1903, Michael Owens wa Toledo, jimbo la Ohio, alifanikiwa kutengeneza mashine ya kufyatua chupa bila kutegemea pumzi ya fundi. Midomo ya chupa ikaanza kufanana, na kizibo cha taji kikapata mahali pazuri zaidi pa kukaa.

Mfanyakazi aliyeitwa Gillette

Miongoni mwa watu waliotembea miji ya Marekani wakiuza vizibo vya Painter alikuwamo mtu aliyeitwa King Camp Gillette. Alikuwa mchuuzi hodari mwenye ndoto ya kuwa mbunifu, na bosi wake alimpenda.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Gillette mwenyewe, siku moja Painter alimshauri atafute kitu mfano wa kizibo, ambacho mtu akishakitumia hukitupa, kisha hulazimika kurudi dukani kununua kingine. Ushauri huo haukumtoka kichwani. Mwaka 1895, wakati akijiandaa kunyoa ndevu na kuukuta wembe wake umekuwa butu, alipata wazo la wembe mwembamba unaotupwa ukiisha makali.

Ilimchukua miaka kadhaa, pamoja na msaada wa mhandisi William Nickerson, kupata chuma chembamba kinachoshika makali. Mwaka 1903, kampuni yake iliuza vinyoleo 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata iliuza vinyoleo zaidi ya 90,000. Jina lake likawa maarufu kuliko la mtu aliyempa ushauri, na katika maduka ya Afrika Mashariki bado linasomeka kwenye pakiti za nyembe, ilhali jina la Painter halisomeki popote.

Siku za mwisho

Painter alistaafu mwaka 1903 baada ya afya yake kuanza kuzorota. Alifariki dunia Julai 15, 1906 mjini Baltimore, akiwa na umri wa miaka 67.

Wakati wa kifo chake, kampuni aliyoianzisha ilikuwa imekwishavuka bahari na kufungua shughuli Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Japani na Brazili. Jengo la kiwanda chake lililojengwa mwaka 1897 katika barabara ya Guilford mjini Baltimore halikubomolewa, na baadaye liligeuzwa kuwa makazi na karakana za wasanii.

Kizibo chake kilipita katika misukosuko ambayo yeye hakuishi kuiona. Kati ya mwaka 1920 na 1933, Marekani ilipiga marufuku pombe na viwanda vya bia vikafungwa au kubadili kazi, lakini soda iliendelea kuuzwa na kizibo kikaendelea kuhitajika. Baadaye meno yalipunguzwa kutoka 24 hadi 21, na gome la mwaloni likaondolewa na kuwekwa plastiki. Mwaka 2006, miaka 100 baada ya kifo chake, Painter aliingizwa katika orodha ya heshima ya wabunifu wa Marekani.

Silaha ya viwanda vidogo

Kwa muda mrefu kizibo hicho kilionekana kuwa mali ya viwanda vikubwa vinavyojaza maelfu ya chupa kwa saa. Kuanzia miaka ya 1970 kilirudi mikononi mwa watu wadogo.

Mwaka 1976, kiwanda kidogo cha New Albion kilianzishwa Sonoma, California, na mwaka 1980 kikafuata cha Sierra Nevada katika mji wa Chico, kilichoanza kwa kutumia vyombo vikuukuu vilivyotoka katika viwanda vya maziwa. Mfano wao ulifuatwa na maelfu ya wapika bia wa Marekani, Ulaya na baadaye Afrika, wanaotengeneza kiasi kidogo cha bia yenye ladha ya pekee.

Kwa mpika bia wa namna hiyo, hatua ya kufungasha ndiyo yenye hatari kuliko zote. Anaweza kuchagua shayiri bora na hamira safi, akasubiri wiki kadhaa, kisha akapoteza kila kitu kwa sababu ya hewa iliyobaki shingoni mwa chupa. Oksijeni huifanya bia ichuje na kupata ladha ya karatasi iliyolowa. Kwa sababu hiyo, chupa hupulizwa kwanza gesi ya kabonidioksaidi ili kuifukuza hewa, bia humiminwa, na kizibo huwekwa wakati povu likiwa limepanda hadi mdomoni, ili kusibaki nafasi ya hewa kujificha.

Kizibo chenyewe huchaguliwa kwa uangalifu. Kilichozoeleka ni kile cha mdomo wa milimita 26, ingawa baadhi ya chupa za Ubelgiji na zile za mvinyo wa shampeni hutumia cha milimita 29. Vipo vyenye utando wa ndani unaonyonya oksijeni iliyosalia. Baada ya kubana, mpika bia hupima mzunguko wa meno kwa kipimo cha chuma. Yakibanwa kidogo mno gesi hutoka, yakibanwa kupita kiasi mdomo wa chupa hupasuka, na tofauti kati ya mambo hayo mawili haifiki hata milimita moja.

Wapo waliojaribu kuuboresha ubunifu wa Painter kwa kuleta kizibo kinachofunguliwa kwa kuzungushwa na mkono. Sierra Nevada ilikitumia kwa miaka mingi, lakini mwaka 2007 iliamua kurudi kwenye kile kinachong'olewa kwa opena, kwa sababu kilizuia hewa vizuri zaidi.

Mshindani mkubwa wa chupa hivi sasa ni kopo. Mwaka 2002, kiwanda kidogo cha Oskar Blues cha Colorado kilianza kujaza bia yake katika makopo kwa mkono, na wengi wakafuata. Hata hapo Painter hakuachwa nyuma kabisa. Kampuni aliyoiasisi, ambayo siku hizi inaitwa Crown Holdings, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa makopo ya vinywaji duniani.

Deni lililobaki

Wazo la kutumia na kutupa lilimwokoa mnywaji wa karne ya 19 kutokana na vizibo vichafu. Hilo ni jambo la kheri ambalo ni rahisi kulisahau. Lakini wazo hilo halikuishia kwenye kizibo. Lilihamia kwenye wembe, kisha kwenye chupa yenyewe, mifuko, vikombe na vitu vingine visivyo na idadi, hadi fukwe na mitaro ya miji ikajaa.

Kizibo chenyewe si rahisi kukirejesha kiwandani. Ni kidogo mno, hupenya katika machujio ya mitambo ya kuchambua taka, na bati lake limegandamana na plastiki. Wapika bia wadogo wanaojali mazingira huwahimiza wateja wao kuvikusanya vizibo ndani ya kopo la chuma na kulibana mdomo, ili viyeyushwe pamoja.

Afrika Mashariki, watu wa kawaida walikuwa na jibu lao kabla mjadala huo haujaanza. Watoto wamekuwa wakivitoboa visoda na kuvitunga kwenye waya ili kutengeneza manyanga, au kuvifanya magurudumu ya magari yao ya kuchezea. Chini ya miembe na katika vibaraza, wazee na vijana huvipanga juu ya ubao wa drafti, upande mmoja ukivilaza vikitazama juu na mwingine vikitazama chini, wakaanza kupigania kingi.

William Painter alikitengeneza kitu hicho ili kitumike mara moja tu. Kwa wachezaji hao, kazi yake ya pili huweza kudumu miaka.